Samaki Akifa Karatu, Nani Anaambiwa?

Simu za alfajiri huwa za samaki. Ng'ombe akiugua, mwenyewe humaliza kukamua kwanza ndipo anitafute. Kuku wakifa, habari hunifikia siku ya mnada. Mwenye bwawa hawezi kungoja. Ametoka na tochi saa kumi na moja, amekuta samaki wanaelea matumbo juu, na ana saa chache za kuamua kama avue waliobaki awauze au awaache aone itakuwaje. Wengi hunipigia wakiwa bado wamesimama ukingoni.

Mimi ni mtu wa mifugo. Kazi yangu imekuwa chanjo, majosho na ukaguzi wa nyama, kwa sehemu kubwa Karatu, na kwa vipindi huko juu Ngorongoro. Samaki walinifuata. Watu walianza kuchimba mabwawa Rhotia na Mbulumbulu, kisha kule chini kando ya mifereji ya Mang'ola, wakahitaji mtu wa kumwuliza, na kwa kuwa wameshazoea kuniita daktari, waliniuliza mimi. Afisa uvuvi yupo, na ni mtu ninayemheshimu sana, lakini ana wilaya nzima na Ziwa Eyasi juu ya mabega yake. Kwa hiyo simu huja kwangu, nami humpigia yeye, tukaenda pamoja inapowezekana.

Kabla sijawasha pikipiki nauliza maswali. Wameanza kufa wakubwa au wadogo? Ni perege peke yao, kambale peke yao, au wote? Wanakuja juu kuhema? Vyura wako hai? Jana kuna jirani aliyepulizia dawa shambani? Vifaranga viliingia bwawani lini, na vilitoka wapi? Mtu aliyesimama kando ya bwawa lake akijibu maswali hayo vizuri, amenisaidia kuliko darubini, maana darubini yenyewe iko Arusha.

Mama mmoja wa Rhotia alinipigia msimu wa mawingu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Samaki wangu wanaisha. Wamekufa wale wakubwa, wadogo wako juu wanatafuta hewa."

"Na kambale je?"

"Kambale hawana habari. Wanazunguka tu."

Hapo nilikuwa nimeshapata jibu kubwa. Perege mkubwa anahitaji oksijeni nyingi, ndiyo maana huanza yeye. Kambale ana kiungo cha ziada kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji, hivyo hubaki hai katika bwawa ambalo wenzake wamemaliziwa pumzi. Nilipofika nilikuta maji ya kijani kizito. Samadi ilikuwa imewekwa nyingi, jua lilikuwa limefichwa siku kadhaa, na ile mimea midogo ya majini ambayo mchana hutoa oksijeni ilikuwa ikiimaliza yenyewe usiku. Tulisimamisha chakula na samadi, tukafungulia maji mapya, vijana wakapiga maji kwa ndoo na matawi. Kufikia mchana vifo vilikoma.

Kifo cha namna hiyo hakuna sheria inayotaka kiripotiwe. Mimi nakiandika hata hivyo: kijiji, tarehe, aina ya samaki, makadirio ya waliokufa, hali ya maji na ya hewa. Siku samaki wa Rhotia watakapokufa kwa namna nyingine, nataka niwe na kitu cha kulinganisha.

Mang'ola ni habari tofauti. Kule ni nchi ya vitunguu. Chemchemi za Qang'dend hulisha mifereji, mifereji hulisha mashamba, na mashamba hupuliziwa viuatilifu mara nyingi kwa sababu ya wadudu wadogo wanaonyonya majani. Mtu akisuuza pampu yake kwenye mfereji, aliye chini yake mwenye bwawa hupokea kilichobaki. Dalili zake hazifanani na za kukosa hewa. Hufa wakubwa kwa wadogo kwa pamoja, saa yoyote ya mchana, na kambale naye hufa. Na vyura hufa. Ukiona vyura wamekauka kandokando na wadudu wa majini wanaelea, acha kutafuta vijidudu vya ugonjwa, tembea kupanda mfereji uangalie nani alikuwa shambani. Samaki wa namna hiyo hawaliwi wala hawauzwi, hata kama wanaonekana wabichi. Hili nalisema kwa sauti kubwa kila ninapopewa nafasi kwenye mkutano wa kijiji, kwa sababu nimeona ndoo za samaki wa aina hiyo zikielekea sokoni.

Ninachokiogopa zaidi ni kifo cha tatu, kinachokwenda taratibu. Leo wawili, kesho watano, keshokutwa kumi na kitu, na wote wa aina moja. Maji ni mazuri, vyura wanalia usiku kama kawaida, kambale wanakula, lakini perege wachanga walioletwa mwezi uliopita wanabadilika rangi kuwa weusi, hawali, macho yanaingia ukungu, ngozi inachubuka. Au kinyume chake: perege wako salama, na kambale ndiye mwenye madoa mekundu yanayogeuka kuwa vidonda virefu hadi kwenye nyama. Hapo swali la nani anashikwa na nini linaacha kuwa la vitabuni, kwa sababu jibu la wapi pa kuanzia kutafuta limo ndani yake.

Dalili za kwanza zinanikumbusha virusi vya TiLV. Viliwekwa wazi kwenye maandishi ya kisayansi mwaka 2014, baada ya perege wa Israel, wa mabwawani na wa Bahari ya Galilaya, kupungua kwa miaka kadhaa bila watu kujua sababu. Huko Thailand vilijulikana kwa vifo vya mwezi wa kwanza baada ya kupandikiza vifaranga. Mwaka 2017 FAO ilitoa tahadhari kwa dunia nzima, na mwaka 2022 nchi wanachama wa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, WOAH, zilikubali ugonjwa huo uingie kwenye orodha ya magonjwa ya kutangazwa. Havimuambukizi binadamu. Vinamshika perege na jamaa zake.

Dalili za pili ni za ugonjwa wa vidonda unaoletwa na ukungu wa majini, Aphanomyces invadans. Ulionekana mto Zambezi na Chobe mwaka 2006, ukawasumbua wavuvi wa Botswana, Namibia na Zambia. Unapenda maji yaliyopoa, hasa baada ya mvua. Sato, ambaye ni aina ya perege, anaustahimili vizuri, kambale anashikwa. Karatu iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni na Julai maji ya mabwawa yetu huwa baridi kweli. Bwawa moja lenye perege na kambale, kama yalivyo mengi ya kwetu, ni mahali ambapo aina moja inaweza kuwa inakufa na nyingine inang'aa ndani ya maji yaleyale. Mwenye bwawa akiona hivyo husema "siyo maji basi," na anasema kweli.

Watu wa Ngorongoro hawahitaji kufundishwa jambo hili. Wanaliishi kila mwaka. Kuanzia Januari hadi Machi nyumbu huzaa kwenye nyanda za majani mafupi kuelekea Ndutu, na Wamaasai huondoa ng'ombe wao kwenye malisho hayo na kuwapandisha juu, ingawa majani ya kule chini ndiyo matamu wakati huo. Ndama wa nyumbu katika miezi yake ya mwanzo humwaga virusi kwa makamasi na machozi. Yeye mwenyewe haumwi. Ng'ombe akivipata hupandwa na homa, macho huwa meupe, pua huziba kwa usaha, na karibu wote hufa. Wala hawamuambukizi ng'ombe mwingine. Mnyama mmoja amebeba bila kuumwa, wa pili anakufa na hapo mlolongo unakatika. Lowell Plowright alivitenga virusi hivyo Kenya mwaka 1960, lakini wafugaji walikuwa wameshaujua ugonjwa wa nyumbu vizazi vingi kabla yake, na walikuwa wameshaupangia ratiba ya malisho.

Jambo la pili ambalo Ngorongoro na Serengeti zimetufundisha ni kwamba orodha ya wanaoshikwa huweza kubadilika mbele ya macho yetu. Distempa ilihesabiwa na wengi wa fani yangu kuwa ugonjwa wa mbwa na ndugu zake wa porini. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuanguka kwa degedege. Walikufa kama 1,000, takriban theluthi moja ya wote. Mbwa wa vijijini ndio walioonekana kuwa chanzo cha virusi, na tangu hapo chanjo ya mbwa kuzunguka hifadhi imekuwa sehemu ya kumlinda simba. Nimechanja mbwa hao. Nikiwa nimemshika mbwa wa mchungaji kwa shingo, nilikuwa nafikiri juu ya simba ambaye hakuna kitabu changu cha chuo kilichomtaja.

Kwa hiyo nikisoma Kanuni za Afya ya Wanyama wa Majini za WOAH, nazisoma kama mtu wa Ngorongoro. Zina sura nzima inayoeleza ni lini aina fulani ya mnyama iandikwe kuwa inashikwa na ugonjwa fulani, na naipenda sura hiyo kwa ukali wake. Kimelea lazima kiwe kimemfikia mnyama kwa njia inayofanana na ya asili. Kumdunga sindano hakutoshi. Lazima kitambuliwe kwa uhakika. Kisha uwepo ushahidi kwamba kimefanya makao ndani yake. Kikionekana kinazaliana mwilini mwake, inatosha. Kisipoonekana hivyo, yanatakiwa angalau mawili kati ya matatu: kimelea hai kitolewe kwake au aweze kumuambukiza mwenzake mzima, mwili wake uonyeshe madhara, au kimelea kikutwe kwenye viungo vinavyotarajiwa. Kukuta tu chembe za virusi kwenye ngozi au tumboni hakumfanyi samaki kuwa mgonjwa. Anaweza kuwa amemeza tu maji yenye virusi.

Ukali huo una manufaa. Nchi haiwezi kufungiwa biashara ya samaki wake wote kwa sababu ya kipimo kimoja. Lakini kuna upande ambao mtu wa ofisini hauoni upesi: orodha huandikwa kutokana na samaki waliochunguzwa, na wanaochunguzwa zaidi ni wale wanaofugwa kwa wingi na wenye fedha. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya sato wa Ziwa Victoria, wa kufugwa na wa porini, kutoka upande wa Uganda na wa Tanzania. Virusi vya TiLV vilionekana kwenye viungo vya ndani vya baadhi yao, na samaki hao hawakuwa na dalili za ugonjwa. Walijulikana kwa sababu kuna mtu aliyekwenda kuwapima wakiwa wazima. Samaki ambaye hajapimwa, na ambaye vifo vyake havijaripotiwa, hayumo kwenye orodha, na kutokuwemo kwake kusihesabiwe kuwa ni kinga.

Na sisi tunaye samaki wa namna hiyo. Perege wa Eyasi na Manyara, Oreochromis amphimelas, anaishi Tanzania peke yake, katika maziwa machache ya magadi na chumvi: Manyara, Eyasi, Kitangiri, Singida na mabwawa asilia ya jirani zake. Amezoea maji ambayo sato angehangaika ndani yake. Ziwa Eyasi likijaa mvua nzuri, wavuvi hushuka kwa wingi, na nimeona magari ya samaki wakavu yakipanda kutoka kule. Likikauka, samaki hufa kwa maelfu kwenye madimbwi ya mwisho, na ndege hushiba. Hicho nacho ni kifo kinachopita bila karatasi hata moja, kwa sababu kila mtu anasema "ziwa limekauka," na mara nyingi ni kweli. Lakini kama siku moja miongoni mwa waliokufa watakuwamo waliokufa kwa kingine, ni nani atakayewatenga?

Sasa sheria. Tanzania tuna Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 na Sheria ya Uvuvi ya mwaka huohuo, zote chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Mwenye mnyama anayeshuku ugonjwa wa kutangazwa anatakiwa amwambie mtaalamu wa serikali aliye karibu. Mtaalamu hupandisha habari wilayani, wilaya hupandisha mkoani na kanda, hadi kwa daktari mkuu wa mifugo wa nchi, ambaye ndiye sauti yetu huko WOAH. Ugonjwa wa kwenye orodha ukijitokeza kwa mara ya kwanza, au ukirudi baada ya kutangazwa umekwisha, au ukimshika mnyama wa aina mpya, nchi ina saa 24 za kuiarifu dunia. Kisha taarifa za kila wiki hadi hali itulie, na muhtasari kila miezi 6. Ugonjwa mpya usiokuwa na jina nao unatakiwa utajwe.

Saa hizo 24 zina historia inayotuhusu. Mwaka 1920 ng'ombe kutoka bara Hindi waliokuwa safarini kwenda Brazil walipitia bandari ya Antwerp, na sotoka ikalipuka Ubelgiji. Kutokana na tukio hilo nchi 28 zilikubaliana mwaka 1924 kuunda shirika lenye makao Paris ambalo leo ni WOAH, ili nchi ziambiane. Sisi sotoka ilikuwa imeshatupitia miaka thelathini kabla, bila wa kumwambia. Ilishuka kutoka upande wa Eritrea mwishoni mwa miaka ya 1880, na Oscar Baumann alipofika kreta ya Ngorongoro mwaka 1892 aliwakuta Wamaasai waliobaki mifupa mitupu baada ya ng'ombe wao kuisha. Kaskazini mwa Tanzania tuliiona tena mwaka 1997. Mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba imekwisha kabisa. Chanjo aliyoitengeneza Plowright, yuleyule wa virusi vya nyumbu, ilikuwa silaha kubwa, lakini nilivyosimuliwa na wazee wa kazi hii, hatua za mwisho zilikuwa za kutembea boma kwa boma na kuuliza. Mfugaji alikuwa anaaminiwa.

Samaki hajafikishwa hapo. Nikieleza mahali ripoti yake inapofia, naeleza nilichokiona.

Inaanza kufia kwa mwenyewe. Mwenye bwawa anaogopa. Akisema samaki wake wanaumwa, kesho yake sokoni watu watasema samaki wa kijiji chake wana sumu, na jirani ambaye hana tatizo naye hatauza. Ameweka fedha ya vitunguu au mkopo wa kikundi kwenye vifaranga na chakula. Kunyamaza kwake ni hesabu aliyoipiga, na ukimtajia faini kabla hujamtajia msaada, unampa sababu ya pili ya kunyamaza.

Ikipita hapo, inafia kwenye karatasi. Nimewahi kufanya kazi na fomu ya mwezi yenye safu ya ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, punda, mbwa na kuku, bila safu ya samaki. Niliandika chini kabisa, penye "mengineyo." Kitu kilichoandikwa kwenye "mengineyo" hakijumlishwi na mtu yeyote anayejumlisha.

Ikipita na hapo, inaoza. Samaki aliyekufa alfajiri, ukimpeleka maabara jioni amekuwa nyumba ya bakteria wapya, na mtaalamu atakuambia alichokikuta bila kuweza kukuambia kilichomuua. Ndiyo maana nawafundisha watu wasiniwekee waliokufa. Nataka mgonjwa anayepumua bado, ndani ya mfuko wa plastiki wenye maji ya bwawa lake na hewa ya kutosha. Nikishindwa kumfikisha hai, nachukua vipande vya ini, wengu na figo nikiwa palepale, vingine kwenye ethanoli kwa ajili ya kipimo cha vinasaba, vingine kwenye fomalini kwa ajili ya kutazama nyama yenyewe. Nikivitia vyote kwenye fomalini, kipimo cha vinasaba kinaharibika. Mpaka Arusha ni safari ya saa mbili na zaidi kwa basi. Kutoka Mang'ola kuna barabara ya mawe kabla hujafika lami, na wakati wa mvua ni habari nyingine.

Na mahali pa mwisho ripoti inapofia ndipo panaponiuma kuliko kote: inafika, na jibu halirudi. Nilipeleka sampuli za kambale wenye vidonda kwenye maabara moja mbali na hapa. Zilipokelewa. Nilipiga simu mara nyingi, sauti nzuri ikaniambia zinashughulikiwa, kisha msimu ukapita. Yule kijana mwenye bwawa alikuwa amevumilia mengi: aliacha kuvua, alizika waliokufa kwa chokaa mbali na mfereji kama nilivyomwambia, alianika wavu wake juani asiuazime mtu. Alifanya kila ambacho sheria inamtaka raia mwema afanye. Kwa malipo yake hakupata hata neno "hatukuona kitu." Mwaka uliofuata samaki wake walipokufa tena, nilisikia kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa kila aliye juu yangu kwenye mnyororo huu, na naliomba kwa dhati: jibu lirudi. Hata kama jibu ni "sampuli imeharibika, leta nyingine." Ngorongoro tumeshaona linavyowezekana. Programu ya simu ya AfyaData, iliyotengenezwa na wataalamu wa SACIDS walioko Chuo Kikuu cha Sokoine, iliwekwa mikononi mwa watu wa kawaida wa vijiji vya wafugaji, wakaripoti mifugo na watu wenye dalili kutoka sehemu ambazo gari halifiki. Tulipata habari nyingi kuliko tulivyozoea. Aliyeripoti alikuwa anajua kuna mtu upande wa pili anayesoma. Samaki wanaweza kuingizwa kwenye njia hiyohiyo bila kuunda njia mpya, maana mtu wa Mang'ola ana mbuzi, ana kuku na ana bwawa, na simu yake ni moja.

Kuna watu huniambia samaki wa Karatu ni wachache mno kwa kelele zote hizi. Nawajibu kwa chura wa Kihansi. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye maporomoko ya mto Kihansi, safu za Udzungwa, mahali padogo penye ukungu wa maji, na hakuwepo popote pengine duniani. Bwawa la umeme lilipunguza maji mwaka 2000. Kisha mwaka 2003 idadi yake ikaporomoka kwa kasi, na ugonjwa wa ukungu wa vyura ulikutwa kwao. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki walikuwa wale waliochukuliwa mapema kwenda kutunzwa Marekani, na ndio waliozaa waliorudishwa nyumbani baadaye. Chura ni mnyama wa majini kwa mujibu wa kanuni hizo za dunia, na ugonjwa ule uliingizwa kwenye orodha mwaka 2008. Nchi yetu imeshaona kwa macho yake mnyama wa mahali pamoja tu anavyoweza kuisha upesi. Perege wa maziwa ya magadi ana maziwa machache tu.

Hivi sasa mlango mkubwa ni vifaranga. Sato anakua haraka, kila mtu anamtaka, na vifaranga vyake vinakuja kwa mifuko ya oksijeni kutoka kwa wauzaji mbalimbali, vingine asili yake ni kanda ya Ziwa. Wakitoroka bwawani hujamiiana na perege wa asili, jambo ambalo limeshaonekana sehemu nyingi za nchi. Wakija na virusi, hakuna atakayevijua kwa kutazama, kwa sababu wale wa Ziwa Victoria nao walionekana wazima. Mfugaji akinunua mtamba anaomba kibali na cheti cha chanjo bila kuambiwa. Akinunua vifaranga elfu moja vya samaki anauliza bei tu. Hilo ndilo ninalojaribu kulibadilisha, mkutano mmoja baada ya mwingine.

Kikundi kimoja cha akina mama na vijana huko Mang'ola kilinialika kabla hakijaagiza. Nilifurahi sana, maana kwa kawaida naitwa vifo vikishaanza. Afisa uvuvi alikuja naye. Tulikubaliana kwamba muuzaji aulizwe kwa maandishi vifaranga vimetoka shamba gani, na kwamba vikifika visimwagwe kwenye mabwawa yote siku hiyohiyo. Vitakaa mwezi mzima kwenye bwawa dogo la peke yake, lenye wavu wake, ndoo zake na mtu mmoja wa kuvilisha, na wavu mwingine juu wa kuzuia ndege. Vifo vitaandikwa kila siku kwenye daftari, hata kama ni kimoja. Mama mwenyekiti aliuliza nani atatunza daftari, binti wa kidato cha nne akanyoosha mkono.

Ubishi ulikuja kwenye mahali pa kulichimba. Wao walitaka bwawa hilo liwe juu, karibu na mdomo wa mfereji, kwa sababu maji yanafika yenyewe bila kazi. Nilikataa. Maji yakitoka huko yatapita kwenye mabwawa mengine yote kabla ya kufika shambani, na kama vifaranga vina ugonjwa, tutakuwa tumeugawa kwa mikono yetu. Mzee mmoja alisema kuchimba chini ni kujitafutia kubeba ndoo. Afisa uvuvi alichora mfereji mzima mavumbini kwa fimbo, akaonyesha maji yanakopita. Wakajadiliana kwa lugha yao kwa muda. Bwawa limechimbwa chini, mwisho wa mfereji, na mpaka bomba litakapopatikana linajazwa kwa ndoo kwa zamu.